Nilizirai Ukweni, Nikasema Nimelewa

Mpendwa Mama Saumu, naomba msaada, na pia naomba usitaje jina langu hewani maana Kisumu ni ndogo na jambo hili hata kuliandika naona haya. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, mwanamume wa miraba minne, na mwezi uliopita nilienda na wazee wangu hadi kijijini Pap Onditi kupeleka ng'ombe wa mahari kwa kina mchumba wangu, nitamwita Debra, na wewe unajua kwetu Wajaluo mkwe akionekana anaelekea choo cha wakwe ni aibu kubwa, basi tangu asubuhi nikapewa soda, chai, supu, soda tena, na kukataa pia ni kosa, nikakaa kwenye joto la hema wazee wakibishana kuhusu fahali mmoja huku nimebana miguu mpaka jasho linanitiririka, hatimaye watu walipofumba macho kwa sala ya kufunga nikachomoka mbio mpaka kwenye mahindi nyuma ya nyumba, nikasimama, nikaanza kujisaidia, nikasikia raha, halafu nikasikia moyo unapiga polepole, polepole zaidi, macho yakaingia giza, na kilichofuata ni sauti ya mama mkwe wangu akilia, "Uwi! Mtoto wa watu amekufia hapa kwetu!"

Mama Saumu, nilikuwa chini, zipu wazi, suruali imelowa, na mama mkwe mwenyewe, mtu ambaye hata mkono siwezi kumpa, alikuwa amevua leso yake akanifunika. Akafika mjomba wake Debra, Mzee Laban, akaniinamia, "Orwa," ndivyo wanavyomwita mkwe wao, "umekunywa nini wewe?" Na badala ya kusema nilikuwa nakojoa kwenye mahindi yao, mdomo ukaropoka, "Chang'aa kidogo tu, Mzee." Mimi, ambaye hata bia sijawahi kuonja!

Sasa baba yake Debra, ambaye ni mzee wa kanisa, amesema binti yake hatoki pale mpaka nisimame kanisani Jumapili nikane pombe mbele ya watu wote. Debra ananipigia akilia, "Niambie tu ukweli, ni pombe ama ni kifafa? Mimi nitavumilia ugonjwa, lakini kufichwa sitavumilia," namwambia network ni mbaya, nakata. Je, moyo wangu ni mbovu? Na nikitubu hiyo pombe tu yaishe, nitakuwa nimekosea?

Mwenye Aibu, Nyalenda

*

Mwenye Aibu, pole sana. Nilicheka, nisamehe, halafu nikafika mwisho wa barua nikakasirika.

Tuanze na moyo, maana hapo huna kosa. Nilikuwa muuguzi kabla ya kuja redioni, kwa hivyo nisikilize. Moyo haungojei amri ya mtu ili upige. Sehemu yake ya juu, upande wa kulia, ina mahali padogo panapotoa cheche ya umeme penyewe, mchana na usiku, na kila cheche ikisambaa nyama ya moyo inajikaza na kusukuma damu. Kazi ya ubongo ni kuongeza mwendo au kuupunguza, kupitia mishipa ya fahamu. Wewe ulikaa kwenye joto, ukatoka jasho, ukainuka ghafla, ukakimbia, ukasimama na kufungulia kibofu kilichojaa pomoni. Mshipa wa fahamu wa kutuliza moyo ukatuliza kupita kiasi, moyo ukapunguza mwendo, mishipa ya damu ikalegea, kichwa kikakosa damu, ukaanguka. Ulipolala chini damu ikarudi kichwani, ukaamka. Huwapata wanaume wengi wenye nguvu zao, na wengi hunyamaza kama wewe. Lakini mimi sijakupima, na kuna watu wanaozirai kwa sababu umeme wa moyo wenyewe una hitilafu. Kesho asubuhi nenda hospitali wakubandike nyaya kifuani, wauangalie.

Sasa nikugombeze. Unaogopa kusema ulikojoa, lakini huogopi kusimama mbele ya Mungu na kutubu dhambi ambayo hukufanya? Na yule mama aliyekufunika, unadhani hakuona? Aliona kila kitu, na harufu ya pombe hakuisikia. Amenyamaza muda wote huu kukusitiri, na wewe unamwacha akisikia nyumba nzima ikisema binti yake anaolewa na mlevi. Hiyo ndiyo aibu yako, si ya mahindi.

Kanisani usisimame. Leo hii mpigie Debra umwambie yote, pamoja na zipu, na akicheka mwache acheke. Kisha mtume mshenga wako kwa baba yake, maana neno kama hilo si la kutoka kinywani mwa mkwe. Majibu ya hospitali yakitoka, rudini Pap Onditi.

Ukifika, kunywa chai yao. Ikikubana, mwambie shemeji yako akuonyeshe choo, uende mchana kweupe, uketi, ukimaliza uinuke polepole. Kama kuna wa kushangaa, na ashangae. Afadhali wakuone ukienda kwa miguu yako kuliko wakubebe mara ya pili.