Ngazi ya Kaka

3 Mei

Kaka mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya familia nzima, natangaza kuvunjika kwa kitufe cha redio yetu, kulikotokea juzi Jumatano saa tano asubuhi mikononi mwa shemeji yako, baada ya utumishi wa miaka tisa. Marehemu ameacha kijiti kimoja cha chuma ambacho hakizunguki hata kwa koleo. Tangu hapo redio imeganda kwenye stesheni moja, na tunasikiliza chochote tunachopewa, bei za mbolea zikiwemo.

Shikamoo lakini. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika, maana shule zinafunguliwa na nina sketi sabini na mbili za kukunja marinda. Shemeji yako hajambo, anakusalimu kwa sauti kubwa kuliko lazima, kama kawaida yake akikutaja.

Sasa, kilichoniketisha kuandika. Jana napiga pindo, yule mtangazaji mwenye sauti kama ya mtu anayejua siri yako akasema kwamba Jumamosi tarehe nane Juni, saa kumi jioni, kwenye kipindi cha "Wimbo na Mwenyewe", atakuja mwenye wimbo wa "Kikombe cha Pili", yaani wewe. Akasema tutaisikia ile ngazi ambayo kila mtu anaijua, pale sauti inapopanda mara nne juu ya neno "rudi" na kukaa huko juu mpaka msikilizaji anasahau kupumua. "Ngazi iliyompa jina," akasema. Ataimba na gitaa moja tu, ndani ya studio, bila bendi, bila watu.

Bila watu, kaka. Shemeji yako aliruka kama kafunga goli. Mimi sindano ilinichoma kidole.

Nakuuliza mimi ninayejua: ukifika kwenye ngazi, kipaza sauti utamgeuzia nani?

Mdogo wako,
Fundi


9 Mei

Mdogo wangu,

Barua nimeipata nikiwa mzima wa mwili. Roho ndiyo imelazwa. Pole kwa msiba wa kitufe.

Sikukitaka hicho kipindi. Mwaliko waliniletea kwa kinyozi, mbele ya watu, nimefungwa shuka shingoni. Kinyozi akajibu kwa niaba yangu: "Atakuja!" Nusu ya uso wangu ilikuwa povu. Mtu hakatai jambo akiwa na povu.

Na huyo mtangazaji ana masikio. Amenifuata mpaka nyumbani. "Mzee," akaniambia, "nina rekodi zako kumi na moja za ukumbini. Kwenye zote, ngazi ikifika unawageuzia watu kipaza sauti. Hata mara moja hukuipanda." Nikamwambia ni heshima kwa mashabiki. Akatabasamu, akaandika kwenye daftari. Neno heshima ni moja, yeye aliandika mistari mitatu.

Miaka thelathini na moja, mdogo wangu. Siku ile ya kurekodi koo lilinikauka, saa ya studio inaisha, na wewe uliyekuja kuniletea shati la kubadilisha, una miaka kumi na saba, ukasogea kwenye kipaza ukaipanda kama unaita kuku, na wasikilizaji wakadhani ni mimi nimebana koo. Mama, Mungu amrehemu, alisema yabaki humo humo, na yamebaki. Mara ya kwanza jukwaani niliwageuzia watu kipaza kwa aibu tu. Wakashangilia, wakasema huyu bwana hana majivuno. Siku hizi wanaojifunza kuimba wanaanza kwa kujifunza kukigeuza.

Njoo. Nitasema umekuja kunishikia koti. Nyuma ya kiti kuna pazia zito la kuzuia mwangwi, nimekwenda kulipima kwa macho, unaenea. Mstari wa tatu ukifika unapanda, unashuka, tunarudi nyumbani kunywa chai. Ni sekunde kumi na nne.

Kaka yako


14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa.

Umenipimia pazia nikaenea. Asante. Tangu nimzae wa tatu hakuna kitambaa kilichonienea bila ubishi.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Wiki iliyopita mwalimu mmoja alikuwa amekaa hapa anangoja sketi ya mwanawe. Mimi kwenye cherehani nikajisahau, nikapanda ngazi. Polepole tu. Mwalimu akacheka mpaka akashika meza. "Fundi bwana! Wimbo wa watu huo, muachie mwenyewe." Shemeji yako akatoka ndani na kikombe mkononi: "Kila siku namwambia! Ananiharibia wimbo wa shemeji yangu." Nikaomba radhi. Umesikia? Niliomba radhi kwa kuimba kwa koo langu.

Sikulaumu kwa siku ile. Koo lilikukauka, nami nilikuwa hapo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, leo nina arobaini na nane, na watoto wangu wananiomba ninyamaze ili wamsikilize mjomba.

Nitakuja. Ila nyuma ya pazia sikai. Nitakaa kwenye kiti kama watu, na kabla sijafungua mdomo utasema kwenye kipaza ile sauti ni ya nani. Maneno matano yanatosha. Ukikosa maneno niambie, nitakushonea.

Mdogo wako,
Fundi


18 Mei

Fundi,

Shikamoo zako zote mbili nimezipata. Marahaba nitakupa siku nyingine.

Unajua nina nyimbo arobaini na tatu? Taja ya pili. Huwezi. Hakuna anayeweza. Mpiga gitaa wangu aliyezipiga zote hutaja sita, ya saba anarudia ya kwanza. Sokoni naitwa Kikombe. Benki naitwa Kikombe. Tulipomzika wifi yako, tunatoka kaburini, bwana mmoja alinishika mkono akasema pole sana mzee, tuimbie kidogo. Nikaimba. Nilipofika kwenye ngazi nikanyoosha mkono, na waombolezaji wakaipanda. Hiyo ndiyo nyumba ninayoishi, mdogo wangu, sina nyingine. Nawe unataka niende redioni kutangaza kwamba sauti ya kwenye ngazi si yangu, ni ya dada mshona sketi?

Kwako kitabadilika nini? Kesho yake utaamka ushone marinda yale yale. Mimi nitaamka mzee aliyedanganya nchi nzima.

Usije. Siku hiyo nitaugua.

Kaka yako, bado


30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Ya tatu hiyo, ziweke pamoja.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako haikuanzia kwangu. Ilimkuta shemeji yako karakana. Aliona mwandiko wako, akaifungua mbele ya maseremala wenzake ili awasomee salamu za msanii. Alianza kwa madaha, mkono mmoja kiunoni. Alipofika kwenye "sauti ya kwenye ngazi" akaikunja. Akawaambia wenzake mwandiko hausomeki.

Akaja nyumbani, akakaa na barua magotini kama mtu aliyeletewa mtoto asiyemjua. Chakula hakugusa. Mwishowe akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa namnyamazisha mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, tena kwa bidii.

Siku tatu alishinda karakana mpaka usiku. Ya nne akaja akasimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea, akasema, "Panda." Nikapanda, katikati ya marinda, cherehani imesimama. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akaranda ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama rula.

Hajamwambia mtu. Lakini namwona anavyoitafuna. Siri yetu sasa ina watu watatu, na mmoja ni seremala mwenye marafiki wengi.

Usiugue. Ukiugua, yule mtangazaji ataandika mistari sita. Nakuja tarehe nane, na ahadi sitaki tena. Nitakaa kwenye kiti. Ukinitaja, nitapanda. Usiponitaja, nitafunga mdomo nikusikilize kama wengine, na ngazi utajua mwenyewe utaishukaje.

Mdogo wako,
Fundi


4 Juni

Fundi,

Basi la saa tano asubuhi ndilo zuri, halisimami ovyo. Nitakungoja kituoni.

Sijaahidi kitu.

Kaka yako


11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama, na hatukuagana vizuri kwa sababu basi lilikuwa linaunguruma, kwa hiyo niyaseme sasa niliyotaka kuyasema dirishani.

Uliimba mstari wa kwanza ukiniangalia viatu. Wa pili ukaangalia saa ya ukutani. Nikajisemea basi, imepita hiyo, nimekuja kuona studio. Halafu ukamwekea mpiga gitaa mkono begani, akaacha kupiga, ukasema: "Kabla ya mstari wa tatu. Aliyepanda ngazi kwenye santuri ni mdogo wangu huyu. Mimi sijawahi." Mpiga gitaa alikukodolea macho kama umemkanyaga. Mtangazaji aliweka kalamu chini. Nilidhani ndiyo saa ataandika kurasa, kumbe akaiweka chini. Nami nikapanda. Daraja la tatu sauti ilinikatika kidogo, najua ulisikia. Umri huo. Lakini nilifika.

Kwenye basi nilikaa wima kama bibi harusi. Mwanamke mmoja alinitazama safari nzima. Nikasema moyoni, huyu amesikia, sasa hivi atauliza. Tulipokaribia kushuka akaniinamia: "Samahani mama, umekalia mfuko wangu."

Nyumbani shemeji yako alikuwa amepanga mabenchi yote ya karakana. Watu ishirini na watatu. Alishawaambia leo litasikika jambo kubwa redioni, wangoje. Naingia usiku, bado wamekaa, wote wananitazama, na mwalimu yule ananiuliza, "Mbona kaka yako hakuimba?"

Kaka, walisikiliza mpira. Saa kumi ulikuwa haujaisha, ukaingia dakika za nyongeza, ukaingia penalti, ikaingia taarifa ya habari. Kumbe mtangazaji aliposema "tunarekodi, tutarusha baadaye" alikuwa na maana hiyo. Mimi nilidhani ndivyo wanavyosalimiana. Shemeji yako akabaki amesimama mbele ya watu ishirini na watatu wanaouliza, jambo lenyewe ni lipi? Alinitazama mimi. Nikasema redio mbovu.

Sasa nakuuliza. Kanda wanayo wao, na wewe njia ya kwao unaijua. Unaweza kwenda kuwaambia wakate yale maneno, waache wimbo mtupu, na hakuna atakayejua isipokuwa sisi. Umekwenda?

Nakufahamu. Usinijibu haraka ukanidanganya.

Mdogo wako,
Fundi


25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni za tangu Mei, zimechelewa.

Umeniambia nisijibu haraka, sikujibu haraka.

Nilikwenda. Jumatatu ya tarehe kumi, barua yako hujaianza hata kuiandika. Nilikwenda kuwaambia wakate, na njiani nilikuwa nimeshatunga la kusema: kwamba wewe ni mgonjwa na nilikuwa nakufurahisha. Nakwambia hilo ili usije ukaniona mtu mzuri.

Mtangazaji akanisikiliza mpaka mwisho. "Sikiliza kwanza, mzee," akanivisha hedifoni. Nikajisikia nikisema yale maneno kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Halafu ukapanda. Daraja la tatu sauti ikakatika, nawe ukapita kama mtu anayeruka dimbwi na kikapu kichwani. Miaka yote hii sikuwahi kuisikiliza ngazi kwa raha. Ikikaribia, mimi nilikuwa nafikiria mkono tu, niugeuze lini. Siku hiyo mikono ilikuwa magotini, haina kazi.

Nikavua hedifoni. Akauliza, "Tukate?"

Nikasema, "Iache kama ilivyo."

Akanipa fomu. Penye "mwimbaji" pana nafasi ya jina moja tu. Nimekuandika wewe. Mimi nimejibana pembeni, herufi zimelala ubavu.

Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi, nikamwambia kabla hajanipaka povu. Akasimama na wembe hewani. "Kwa hiyo wewe hasa kazi yako nini?"

"Nashika kipaza sauti."

Akaupangusa wembe. "Unakishika vizuri," akasema, akaendelea.

Stesheni waliniahidi wataurusha Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, na ndivyo nilivyokutumia salamu kwa dereva wa basi. Najua mlingoja. Mimi pia niliingoja, nimevaa koti, peke yangu nyumbani, nimevaa koti kusikiliza redio. Saa kumi wakapiga santuri za mtu mwingine.

Jana nikaenda. Mtangazaji hakunitazama usoni, akamwita fundi mitambo, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Akanieleza bila kuficha. Kanda za kurekodia wanazo saba. Moja imekatika, tano ni za hotuba na haziguswi. Jumatano ya tarehe kumi na tisa ulikuwepo mpira mwingine, akatakiwa aurekodi, akachukua kanda iliyokuwa juu mezani. Ndiyo ilikuwa ya kwetu. Wamerekodi juu yake mchezo mzima, dakika tisini, na chini yake hakuna kinachobaki. Nilimuuliza mara mbili.

Nikamuuliza mchezo uliishaje.

Bila bila.

Kaka yako