Kiti cha Mbele Maktabani

Mbeya, 6 Mei 1957

Mpendwa dada Lea,

Hujambo huko Kihesa, wewe na shemeji na watoto? Sisi wazima. Mtoto alikohoa wiki nzima, sasa anakula hata cha kwako ukimwachia.

Bwana Eliezeri wa maktaba ameanza kuwaita watunzi wasome mbele ya watu, bure, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tarehe 1 Juni ni zamu yangu, na kitabu changu. Naogopa. Njoo ukae mbele nikuone wewe tu.

Mdogo wako,
Tusajigwe


Kihesa, Iringa, 14 Mei 1957

Mdogo wangu,

Tu wazima, baridi tu ndiyo inatuonea. Hongera. Nimelitanguliza hilo lisije likanikwama kooni.

Hadithi ya fisi na mjane iliyomo kitabuni mwako niliitunga mimi tukisaga ulezi kwa mama, wewe hujui hata kushika kalamu, na kalamu nikakushikisha mimi. Daftari langu wachapaji walilirudisha bila neno. Lako wakalichapa. Nina wivu, Tusajigwe, kitabu chako nimekilaza kifudifudi kabatini. Kuja siji.

Baba mkwe wako mmemwalika? Mzee wa kanisa mzima, haifai asikie kwa watu.

Dada yako,
Lea


Mbeya, 20 Mei 1957

Dada,

Salamu kwa wote. Maneno yako yameniuma, lakini la fisi ni kweli. Siku hiyo nitasimama niseme ni hadithi yako.

La baba mkwe liache. Kukaa na Wahehe kumekusahaulisha mwiko wa kwetu, kwamba mke hamtazami baba mkwe? Miaka sita ya ndoa sijaonana naye uso kwa uso. Akiingia mlango huu, mimi natokea ule. Mchungaji amesema tuuache mpaka amechoka. Akiwapo siwezi kusoma, ndiyo maana mume wangu Isakwisa hakumwambia.

Mdogo wako,
Tusajigwe


Mbeya, 3 Juni 1957

Dada,

Habari za huko? Sisi hatuumwi.

Jumamosi watu walijaa, wengine wakasimama. Nilikuwa chumba cha nyuma, kitabu mkononi, Isakwisa akaja mbio. Baba yake yuko kiti cha mbele kabisa, na koti la Jumapili. Amealikwa kwa barua.

Nilijifunika kanga nikatoka kwa nyuma. Isakwisa akasoma badala yangu. Alisoma vibaya, dada, akiruka mistari, nami nje ya ukuta namsikia. Watu walicheka pasipochekesha. Kwamba hadithi ya fisi ni yako, hakuna aliyelisema.

Barua nimeonyeshwa. Haina jina, ila mwandiko ule ndio niliofuatisha nilipojifunza kuandika. Isakwisa sikumwambia.

Tusajigwe


Kihesa, 17 Juni 1957

Mdogo wangu,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Ni mimi niliyeandika. Nilijua utatoka. Nilikaa hapa Jumamosi nikihesabu saa, nikasema sasa anatoka, nikafurahi. Furaha yenyewe haikufika hata wakati wa kupika. Wivu ule bado ninao, sikudanganyi, ila sasa najionea na aibu.

Nipige kwa maneno, lakini niandikie.

Dada yako,
Lea


Mbeya, 15 Julai 1957

Dada Lea,

Natumaini mko wazima.

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoanza kilikuwa matusi. Sikia. Mwezi wa tano, nilipopata barua yako ya wivu, nilikwenda kwa Bwana Eliezeri nikampa jina lako, nawe uje usome. Alikubali. Baada ya lile la Juni nilitaka kulifuta, nikafika hadi mlangoni pake, nikashindwa. Hadithi ni yako. Unangojwa tarehe 3 Agosti.

Baba mkwe amenogewa. Ameomba kiti kilekile kila mwezi, na Bwana Eliezeri amempa. Wewe si mkwe wake, utamtazama usoni na kusoma mpaka mwisho. Mimi katika maktaba ile sisomi tena, wala kukusikiliza sitaweza kuingia. Kwa hiyo wivu ninao mimi sasa, dada, na ni mchungu kuliko nilivyodhani uliponieleza.

Njoo usome, na usome vizuri. Ila usifikie kwangu. Shangazi Tekla atakupokea. Kwangu bado.

Mdogo wako,
Tusajigwe