Gari Lililofika Bila Honi

Nyakato, Musoma
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuahidi kwamba leo nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba Mdogo ameniomba niyapunguze. Mimi ni mzima, ingawa sauti yangu haijarudi vizuri. Baba Mdogo na Mama Mdogo ni wazima. Bibi tulimwacha kwake Mwitongo, Butiama, jana jioni akiwa mzima na anakula. Je, goti lako linaendeleaje? Mdogo wangu Masatu bado anakohoa usiku? Na mvua ya juzi haikukulowanishia dagaa?

Najua ulishtuka. Jana mchana ulipokea simu yangu ukaniuliza, "Godoro limefika salama?" na badala ya jibu ukasikia kilio cha watu wengi, kisha simu ikakatika. Baadaye Baba Mdogo akakupigia na kusema mambo yote ni shwari, mtandao tu ulisumbua. Mama, haukuwa mtandao. Nimeona nikuandikie, kwa sababu nikikupigia simu Baba Mdogo ananidakia maneno, anayamalizia mwenyewe, halafu anacheka. Barua hii atakuletea Mama Pili, yule muuza vitenge anayekuja gulioni Bunda.

Uliniagiza nipande hilo gari la umeme, niliangalie kwa macho yangu, kisha nikuambie kama tuuze gari la marehemu baba tuchukue hilo. Ulisema, "Baba yako mdogo simwamini akishapenda kitu. Wewe ndiye utakayeniambia." Nimekuwa na neno hilo kichwani wiki nzima, na jana ndiyo ilikuwa siku yake.

Asubuhi tulikwenda kwa Bwana Athumani, anayeuza magari yaliyotumika huku mjini. Gari lenyewe ni jeupe, dogo kuliko letu, lakini viti vya nyuma vinalala hadi panakuwa na nafasi ya magunia. Bwana Athumani alikaa kwenye usukani kutuonyesha, nami nikakaa pembeni yake nikisubiri lingurume. Sikusikia kitu. Nikamwambia kwa adabu kwamba naona halijawaka. Akasema, "Binti, tumeshaondoka." Nikatazama dirishani, na kweli ukuta wa yadi ulikuwa unarudi nyuma. Nilishika mlango kwa mikono miwili. Nimesoma habari za mota ya umeme darasani na nikapata alama nzuri, lakini kusoma ni kitu kingine. Mwili wangu wote ulikuwa unasubiri mngurumo, na mngurumo haukuja.

Kisha Baba Mdogo akaomba tulipeleke hadi Butiama kwa Bibi, tukalijaribu njia ndefu na tukampelekee lile godoro ulilomnunulia. Bwana Athumani akakubali twende nalo wenyewe. Tukalaza viti, tukaliingiza godoro likiwa limekunjwa na kufungwa kamba, likawa refu na jembamba. Mama Mdogo akasema vumbi la kule litaliharibu kabla Bibi hajalilalia, akalizungushia shuka lake jeupe na kulifunga vizuri huku na huku. Naomba ulikumbuke shuka hilo.

Njiani gari lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Shida ilikuwa watu. Hakuna aliyetusikia. Tulipokata kona Makutano kuelekea Butiama, tulikuta akina mama wenye kuni wakitembea katikati ya barabara wanazungumza, tukawa nyuma yao kama watu wanaowapeleleza. Baba Mdogo akapiga honi. Mama, honi ya gari lile inalia kama kifaranga. Wale akina mama waligeuka, wakatuangalia, wakacheka. Baba Mdogo aliona aibu, na kuanzia hapo hakuigusa tena. Taa za mbele nazo zinawaka zenyewe hata jua likiwa utosini, na hatukujua zinazimwaje.

Sasa tunafika penyewe. Wewe unajua pale kwenye jiwe kubwa, njia inapoacha barabara kuingia kwa Bibi. Baba tangu zamani alikuwa akifika pale anapiga ile honi yake nzito ya lori mara tatu, na Bibi anaweka maji ya ugali jikoni. Nawe umeuendeleza utaratibu huo. Watu wote wa pale wanajua gari la mgeni hupiga honi penye jiwe. Lisilopiga, likaja taratibu mchana na taa zimewaka, wanajua linaleta nini. Hivyo ndivyo tulivyomleta baba.

Sikulikumbuka hilo. Nilikuwa naangalia mshale wa chaji ili nije kukueleza. Baba Mdogo alikuwa anatabasamu, akaniambia, "Leo tunamshtukiza Mama. Atatuona tumeshafika mlangoni." Akaendesha polepole kwa sababu ya mawe, tukaingia uani bila sauti yoyote, hata kuku hawakukimbia.

Bibi alikuwa anaanika mtama. Alipoinua kichwa aliona gari jeupe asilolijua, limewasha taa, linamjia kimya. Aliniona mimi mbele na Baba Mdogo kwenye usukani. Wewe hakukuona. Kisha akaona nyuma kile kitu kirefu kilichofungwa shuka jeupe. Aliweka mikono kichwani na kupiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, hata siku ya baba, akikuita wewe. "Mama Nyangeta! Mama Nyangeta, umeniacha na nani?"

Mama, mimi nilidhani Bibi amepata habari. Nilidhani umepigwa na gari njiani, au umeanguka sokoni, na wamempigia yeye kwanza ili sisi tusiambiwe tukiwa safarini. Nilifungua mlango nikaanguka pale pale juu ya mtama, nikalia, "Mama yangu! Mama yangu!" Na Bibi aliponisikia nalia hivyo, ndipo alipokuwa na hakika. Yeye alilia kwa sababu yangu na mimi nililia kwa sababu yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Baba Mdogo alitoa simu akakupigia, akaambiwa hupatikani. Akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akawa anasema tu, "Shemeji. Shemeji yangu."

Majirani wakaanza kuja wakikimbia, wanawake na khanga zimefungwa kiunoni, wanaume kimya. Kuna aliyekwenda kuita watu wa kwaya. Mzee Wambura, yule jirani mwenye shamba la mihogo linalopakana na la Bibi, akasema mwenzetu asikae kwenye gari juani, atolewe aingizwe ndani. Wanaume wanne wakafungua mlango wa nyuma, wakashika shuka huku na huku kwa heshima, wakainua.

Kisha nikamsikia Mzee Wambura akisema kwa sauti ya chini, "Mbona mwepesi hivi?"

Nikainua kichwa. Nilikuwa na punje za mtama usoni. Nikasema, "Hilo ni godoro."

"Godoro?"

"Godoro la Bibi. Mama amemtumia."

Bibi akanyamaza katikati ya kilio. Akamwangalia Baba Mdogo pale chini. "Na mama yake Nyangeta yuko wapi?"

Baba Mdogo akasema, "Si wewe ndiye unayetuambia, Mama?"

Nilimnyang'anya simu nikapiga tena. Safari hii iliita, nawe ukapokea ukaniuliza kuhusu godoro. Nikapiga kelele, "Ni Mama!" na wanawake wote wakaangua kilio upya, sasa cha furaha, na ndicho ulichokisikia. Simu ya Baba Mdogo ikazima chaji. Na kwa kilio hicho cha mchana, jioni Bibi alikupigia akakuuliza umekula nini, na ulipomwambia, akakuuliza tena umekula nini. Alitaka tu uendelee kuzungumza.

Waliokuja kukulilia hawakuondoka. Bibi alisema huwezi kuwaita watu kwa kilio kisha uwarudishe na njaa, akachinja kuku wawili. Mzee Wambura hakumwacha Baba Mdogo apumzike. Alimuuliza kama wiki ijayo tutaleta kitanda, ili waje na majembe kabisa. Akasema, "Mimi nimezikaga watu wengi, lakini godoro ningekuwa naanza na lako." Vijana wa kwaya, ambao walifika na vitabu vyao vya nyimbo, walilizunguka gari wakiuliza injini iko wapi. Tulilichomeka ukutani kwa Bibi wakati wa kula. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, lakini chaji ilitosha kuturudisha Musoma.

Kabla hatujaondoka Bibi aliniita ndani. Alikuwa amekaa juu ya godoro jipya, bado na shuka lake. Aliniuliza kama ni kweli unataka kuliuza lile gari. Nikamwambia unasubiri neno langu. Akawa anatoa punje za mtama kwenye nywele zangu. Halafu akasema:

"Lile gari mimi nilikuwaga nalisikia tangu kule kwenye jiwe. Hata sasa mama yako akipiga ile honi, kabla sijakumbuka, nasemaga, huyo mwanangu amekuja. Ni kidogo tu. Halafu nakumbuka. Lakini hicho kidogo nakipataga."

Tumemzika baba mwaka juzi, nikadhani mimi ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Sasa nikueleze niliyoyaona, mazuri na mabaya, kama ulivyoniagiza. Gari la umeme ni zuri, Mama. Halihitaji petroli wala oili, na hutalisukuma alfajiri wewe na Masatu ili liwake. Hutafika sokoni ukinuka petroli mikononi hadi wateja waulize kama dagaa ni za kuwashia taa. Lakini Bwana Athumani, ambaye naona ni mtu mkweli, alisema betri yake si mpya. Kwenda Bunda na kurudi bila mzigo anaona linaweza, ila ukiwa na magunia ulichaji huku Musoma wakati unanunua dagaa. Nikamuuliza itakuwaje umeme wa huko kwetu Nyasura ukikatika usiku kucha. Akasema, "Basi asubuhi mama hatatoka." Tulipokuwa tunatoka kwa Bibi tumbo la gari liligonga mawe mara nyingi, na kila lilipogonga Baba Mdogo alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Na fundi wa kulitengeneza yuko huku, huko Bunda hayupo.

Pamoja na yote hayo, kama ungeniuliza juzi ningesema tulichukue. Hata leo ninatamani hivyo. Nimekuona ukirudi jioni goti limevimba kwa kukanyaga klachi ile ngumu, ukasema ni uchovu tu. Nimekwisha kukulilia mara moja, Mama, na sitaki tena kwa sababu ya gari bovu.

Ndiyo maana leo baada ya ibada nilimwomba Baba Mdogo anirudishe kwa Bwana Athumani. Nilimuuliza kama honi ya gari moja inaweza kufunguliwa ikafungwa kwenye jingine. Baba Mdogo akasema, "Nyangeta, hiyo si bati tu lenye waya?" Bwana Athumani hakucheka. Akauliza ni honi ya namna gani. Nikajaribu kuiiga kwa hii sauti yangu iliyokauka, mara tatu, kama baba alivyokuwa akipiga. Akasema inawezekana, fundi anahitaji mchana mmoja tu, na gari la umeme litaipiga bila shida. Nimeikumbatia habari hiyo, lakini sijamwambia Bibi. Sijui kama honi peke yake inatosha, au kama alikuwa anausikia mngurumo, na vyuma vile vinavyogongana chini, na gari zima. Na sijui kwako wewe ikoje, kwa sababu hujawahi kuniambia, nami sijawahi kukuuliza.

Mnunuzi wa gari la baba amesema atakuja Nyasura Jumamosi. Mama Pili anarudi huku Jumatano, atapita kwako kuchukua jibu.

Nisalimie mdogo wangu Masatu, mwambie anywe dawa na asiimwage nyuma ya nyumba, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Nisalimie Mjomba fundi cherehani, na Shangazi wa genge, na mama mchungaji aliyeniombea kabla ya mtihani. Kama yupo kati yao aliyesikia kutoka Butiama kwamba umefariki, mwonyeshe barua hii, au ujionyeshe wewe mwenyewe.

Ni mimi mwanao Nyangeta, ninayekupenda, na ninayekuuliza jambo moja tu. Unapofika penye jiwe na kuipiga honi ile mara tatu, na wewe huwa unakipata hicho kidogo, au nimwambie fundi aje kuifungua?