Hukumu ya Wana Zamaradi kwa Kocha Faki

Ruwi, Maskati
Jumamosi, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na naomba barua hii ikukute umeegemea mto, miwani iko puani na uji umekwisha kikombeni. Dada Mize ananiambia siku hizi unauacha nusu. Umalize, baba, hata kama hauna ladha. Hali yako ndiyo ninayoiulizia kwanza na ndiyo nitakayoiulizia mwisho. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia tangu nilipoambiwa kwamba huwezi tena kwenda mpaka uani bila ya kushikwa mkono.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu imekuwa mateso kwetu sote wawili. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka wenzangu wa chumbani wakadhani nagombana na mtu, na wewe kila nikisema neno unanijibu, "Alhamdulillahi, na wewe?" Nilicheka sana. Nilipokata simu nikalia. Masikio yamechoka lakini macho bado yanasoma, basi tuyatumie hayohayo. Barua anakuletea Salim, mtoto wa ami Juma, anayerudi Konde kwa mapumziko. Nimemsihi asiichanganye na mizigo mingine, aje nayo mkononi mpaka kwetu Mgogoni akupe wewe mwenyewe.

Habari za huku ni joto. Nimetolewa ghalani, sasa naendesha gari la maji, tunapeleka kwenye majumba yanayojengwa huko milimani. Mchana usukani haushikiki bila ya kitambaa. Jioni nikirudi tunapika kwa zamu, na ikifika zamu ya Mhindi mwenzetu tunakula dengu za pilipili mpaka masikio yanawaka moto. Samaki wapo, ila hawana ladha ya changu wa kwetu, au labda ni mimi niliyeishiwa na ladha. Silalamiki, baba. Nakuhadithia tu ili unione nilipo.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza.

Mize alinirudishia maneno yako kwenye simu neno kwa neno. Kwamba niwaulize Wana Zamaradi, watu wa timu yako ya zamani, walioko huku wanakuonaje. Kwamba wa hapo kijijini wakija kukutazama wanakuonea haya na kukusifu kwa kuwa wewe ni mgonjwa, lakini wa huku watasema kweli. Na kwamba unataka kuijua kweli hiyo kabla ya siku utakayowekwa mbele ya safu kwa sala ya jeneza, imamu ageuke awaulize watu wanamshuhudia vipi ndugu yao huyu, ujue kama watajibu "mtu mwema" au wataangalia chini. Nilitaka nikujibu palepale kwamba watasema mtu mwema, nani atasema vingine. Lakini hukuuliza ili ubembelezwe. Basi nikangoja Ijumaa.

Kila Ijumaa, baada ya sala na chakula, Wapemba wa upande wetu tunakutana nyumbani kwa mtoto wa Mzee Kombo. Kombo unamjua, yule shabiki aliyekuwa akipiga ngoma nyuma ya goli na kumtukana mwamuzi kwa nyimbo za kutunga mwenyewe. Sasa ndevu zote nyeupe na magoti hayamchukui, amekuja kukaa na wanawe, lakini mdomo ni uleule. Kahawa ikishazunguka, mazungumzo hayendi popote ila Zamaradi. Timu imekufa zamani, na nasikia upande mmoja wa kiwanja mtu kalima muhogo, ila huku Maskati bado inacheza kila wiki. Na wakishamaliza kuwasifu wachezaji wanaanza kuwahukumu makocha.

Ungewasikia ungecheka. Yule wa kutoka Tanga anasifiwa kwa kuwapa vijana pumzi, halafu anashutumiwa kwa kuchumbia kila kijiji timu ilikokwenda. Mwalimu Haji wa skuli wanasema alifundisha mpira kwa chaki ubaoni mpaka beki wa kati akasinzia, ila kwa zama zake hatukufungwa nyumbani, na hilo hakuna anayemnyima. Yule aliyekuja mwisho, timu imeshashuka, hata hawamjadili, wanatikisa vichwa tu na kumimina kahawa nyingine. Kila kocha ana mshitaki wake na mtetezi wake. Wewe tu, baba, likitajwa jina lako wananitazama mimi, kisha mtu anauliza bei ya samaki.

Jana nikawazuia. Nikawaambia, leo msinionee haya, baba anauliza mwenyewe. Nikawaeleza hali yako, na nikawaeleza unataka kujua nini na kwa ajili ya siku gani. Mzee Kombo akaweka kikombe chini.

"Kauliza mwenyewe?"

"Kauliza mwenyewe, mzee."

"Basi mie n'tasema. Faki kaiua timu. Mechi ya Wete tulikuwa tunataka sare tu, yakhe, sare! Yeye wiki nzima kawaachia vijana kwenda mikarafuuni. Wanafika uwanjani mikono imechubuka, miguu inatetemeka kwa kusimama juu ya matawi kutwa. Tukafungwa matano. Tukashuka daraja, na hatujapanda tena mpaka leo. Na watu wanasema karafuu zenyewe zilikuwa zake."

Nakuandikia kama alivyosema, baba, nisamehe. Wengine nao wakapata ujasiri. Mmoja akasema ulikuwa mkaidi, mshambuliaji anachechemea na wewe hukumtoa mpaka filimbi ya mwisho. Mwingine akasema kilichomuuma zaidi ni kwamba hukujitetea hata kwa neno moja, ulitoka uwanjani ukalipita gari la mashabiki, ukarudi Mgogoni kwa miguu. Hilo nami nalikumbuka. Nilikuwa mdogo, nikakuona unavua viatu mlangoni, vumbi mpaka magotini, ukamwambia mama asifungue redio. Sikujua kulikuwa na nini. Nilidhani amekufa mtu.

Nikawa nimeinama, nayasikiliza yote, maana nimeyataka mwenyewe. Ndipo Makame akasema. Golikipa wako Makame, baba. Anaoka mikate hapa Ruwi, anakuja kila Ijumaa, anakaa karibu na mlango na hasemi kitu.

"Hazikuwa zake," akasema.

"Zilikuwa za nani?" Kombo akamuuliza.

"Zetu. Wingu limefunga, karafuu zinaanza kuchanua mtini, na zikishachanua nani anazitaka? Mama yangu yuko peke yake na wadogo zangu. Mie ndo n'loanza kumuomba kocha, wakafuata wenzangu. Mara ya kwanza kakataa, na katutukana. Tukarudi tena. Akatutazama, akasema, 'Nendeni mkachume. Mechi itakuja nyingine, msimu huu haurudi.' Zake yeye nnaziona kila nikipita, zimechanua juu ya miti, hazina mtu. Yeye yuko kiwanjani na wale wasokuwa na mikarafuu, anawafunza."

"Na miaka yote hii umekaa nalo?"

"Mie ndiye n'lofungwa matano, Mzee Kombo. Nani angenisikiliza? Na kocha alitukataza. Alisema aulizwe yeye, alaumiwe yeye, sie bado tutapita njia zile za kijiji siku nyingi."

Baba, nikaikumbuka Idi ya mwaka ule. Wenzangu wote walivaa kanzu mpya na mama aliifua ile yangu ya zamani mara mbili ili irudie weupe wake. Hukutuambia sababu na sisi hatukuuliza. Nilikununia mpaka sikukuu ikaisha. Leo nina umri uliokuwa nao wewe wakati ule, na sijui kama mimi ningeweza kuziacha zangu mtini nikawaangalia watoto wangu bila ya nguo.

Mzee Kombo akaomba kahawa, akainywa yote, akapangusa ndevu. Nilimtazama mikono, na nilikuwa naogopa atakachosema kuliko nilivyowahi kumuogopa mtu yeyote hapa ugenini.

"Mwambie baba'ko hivi," akaniambia. "Kwa ukocha, mie bado nnamlaumu. Angewagawa, nusu wende nusu wabaki. Na yule anayechechemea angemtoa, hata mtoto mdogo angemtoa. Kocha mbovu. Hilo silirudishi. Lakini siku wakiulizwa watu, mie nikiwepo n'tajibu kabla imamu hajamaliza kuuliza. Mtu mwema. Na kama sipo, n'na ndugu zangu wako Mgogoni, n'tawapigia leoleo. Asije mtu akakaa kimya pale."

Wengi waliokuwepo wakasema vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyesema, "Mtu mwema, na ile fomesheni yake Mungu amsamehe," watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Si wote, baba. Mmoja, ambaye sitakutajia jina, alivaa makubadhi yake akatoka bila ya kusema kitu. Kaka yake alikuwa beki siku ile na baada ya kushuka daraja hakuitwa tena na timu kubwa, na naona jambo hilo bado lina moto ndani yake. Nimekuandikia na hilo kwa sababu uliomba kweli. Lakini mmoja katika chumba kilichojaa si haba. Wale makocha wengine wote wakipigiwa kura hawapati hivyo.

Nilitaka kuwashukuru nikashindwa kumaliza. Nililia mbele ya wazee, sikuona haya. Makame akanisogelea, akanishika bega kwa mkono wake ule mpana, akasema anataka kukutumia sauti yake kwa simu. Nikamwambia hutaisikia. Basi akaniomba nikuandikie neno moja, kwamba mama yake mwaka ule aliezeka nyumba, na amefia ndani ya nyumba hiyo akiwa hanyeshewi.

Sasa langu mimi, na hili ndilo zito kuliko yote. Nimemwomba kafili wangu, huyu tajiri mwenye kibali changu cha kazi na anayeishika pasi yangu ya kusafiria, aniruhusu nije. Amesema ningoje mpaka joto lipungue, kwa sababu hana dereva mwingine wa gari la maji. Nikarudi kwake mara ya pili, nikamwambia baba yangu ni mgonjwa sana. Akasema Mungu amponye, akaendelea kuangalia simu yake. Si mtu mbaya, baba. Hanijui tu mimi ni mtoto wa nani. Bila ya pasi siwezi kufika popote, na nikitoroka nitakamatwa na nitakuwa mbali nawe zaidi ya nilivyo sasa.

Naogopa. Sina mwengine wa kumwambia hivyo isipokuwa wewe, na wewe ndiye ninayekuogopea. Naogopa nitakuwa huko milimani na gari la maji siku watu watakapopanga safu, waulizwe, wajibu, na mwanao wa kiume asiwemo kati ya waliojibu. Wewe umeniuliza watu watasema nini. Mimi usiku na mchana najiuliza nitakuwa wapi. Kwa hiyo shahada yangu nakupa leo kwa mkono wangu, uisome ukiwa hai na miwani yako: sikupata baba mwema kuliko wewe, na sikutafuta.

Nisalimie sana mama, na mwambie asiumie kwa lile la kanzu nililoliandika, ilikuwa nyeupe kuliko zote. Nisalimie dada yangu Mize, anayekulisha na kukugeuza kitandani. Najua anachoka na hasemi, mwambie nayaona yote hata nikiwa huku. Salamu zimfikie ami Juma, na mwambie namshukuru Salim kwa kuichukua barua hii. Mpe salamu shangazi Riziki, na asiache kukusomea Yasini jioni, hata kama husikii. Na shehe wetu wa msikitini nisalimie kwa heshima, mwambie nimemuomba dua.

Joto likipungua nitakuja, baba, hata kama ni kwa siku chache. Nakuomba uningoje. Lakini ukiona mwili umechoka na kungoja kunakuzidi, usijitese kwa ajili yangu. Nikifika nikakuta umeshatangulia, nitalia mpaka nishibe, ila mimi sitakulaumu. Wewe umeshalaumiwa vya kutosha.

Mwanao,
Hamadi Faki