Mlango wa Banda la Kuku

Chebet mjukuu wangu,

Huku Subukia hatujambo. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, na mjomba wako amempa ndama jina lako bila kuniuliza.

Unasema umeumia kiwandani, na bosi anakwambia huna madai kwa sababu uliteleza mwenyewe. Hata mimi niliambiwa hivyo miaka ya hamsini, nikiwa msichana kwenye shamba la mzungu, mashine ya kupukuchua mahindi iliponikata vidole. "Ni uzembe wake," meneja alimwambia afisa wa kazi aliyetoka Nakuru, huku akigonga bati jipya linalong'aa lililofunika meno ya mashine. "Kifuniko hiki hakijawahi kutoka hapa."

Uongo! Hilo lilifungwa baada ya mimi kukatwa. Kifuniko cha kwanza nyapara alikitoa zamani ili kazi iende mbio, akakitupa. Lakini sisi wanawake hatuachi bati lioze. Mama yangu alikuwa amekifanya mlango wa banda la kuku.

Mama akaenda bandani. Akarudi amekibeba kichwani, kikiwa bado na mavi ya kuku, akakipachika kwenye mashine juu ya lile bati jipya, mbele yao. Matundu ya skrubu yakalingana yote. Afisa alicheka mpaka akashika tumbo, na wanawake wakapiga vigelegele, mbwa wa meneja wakatoroka. Fidia nililipwa.

Haya, uliteleza. Uliteleza juu ya nini, na nani alikiacha hapo? Anzia hapo, mama, na uende na wenzako walioona.

Ni mimi nyanya yako, ninayemkamua ng'ombe kwa vidole saba, ndama akinitazama.