Nyumba ya Kituo cha Sita

Magogoni, Kisauni
Jumamosi, juma la tatu la Kwaresima

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kaloleni, na kwamba goti lako halikusumbui tena. Mimi ni mzima wa mwili. Lakini nina jambo ambalo hadi jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningenyamaza tu, unavyonijua.

Shangazi Gladys sasa ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila Ijumaa ya Kwaresima tunapita mtaani na Njia ya Msalaba, nyumba zile zile kumi na nne, kila nyumba kituo chake. Mwenye nyumba huweka meza mlangoni, kitambaa cheupe na msalaba. Nyumba huchaguliwa kwa kura kila mwaka, na mimi ndiye msomaji.

Unamkumbuka Mama Fidel, yule mjane jirani yetu anayeuza pombe ya mnazi, ambaye nyumba yake ndiyo mangwe, watu huenda kunywa hapo. Miaka yote hajawahi kupata kituo. Mwaka huu alinishika mkono bombani akaniuliza kura yasemaje. Nikamwambia haikumwangukia. Akacheka, akasema basi Bwana Yesu aogopa harufu ya mnazi, lakini meza ataiweka vivyo hivyo, maana njia yapita mlangoni kwake.

Akaiweka kweli. Ijumaa ya kwanza tulimkuta amepiga magoti peke yake mchangani, kando ya meza yenye maua. Shangazi alipandisha wimbo, akatuhimiza tupite upesi. Rafiki yake Philister, ambaye nyumba yake inafuata, alinong'ona kwamba leo mangwe limegeuka kanisa, na watu wakacheka na rozari mikononi. Mama, nilikasirika. Tuliporudi nyumbani kwa Shangazi tulikula wali wa nazi na nguru wa kukaanga, kwa kuwa Ijumaa hatuli nyama, na Shangazi akamshukuru Mungu aliyetupa nguvu za kufunga. Mumewe, ambaye jioni hunywa kwa huyo huyo Mama Fidel, aliongezwa kipande cha pili.

Hii ni Kwaresima gani? Tunampakulia nguru mnywaji, na mjane tunampita kama jaa la taka. Tungekula hata mbuzi mzima, tukasimama mlangoni pale dakika tano, ningeona tumefunga.

Sasa lile jambo. Kura nilizifungua mimi, sebuleni, mbele ya Shangazi peke yake. Karatasi ya sita ilikuwa na jina la Mama Fidel. Shangazi akasema msalaba hausimami mangweni, niandike Philister. Nikaandika. Akausifu mwandiko wangu, nami nikafurahi, Mama. Nilifurahi. Kisha nikaenda bombani kumdanganya mjane.

Jana, baada ya kituo cha tano, nilisimama mbele ya meza ya Mama Fidel nikafungua kitabu. Shangazi alinivuta mkono wa gauni, akaniambia kwa sauti ya chini nisimtie aibu. Nikasema kituo cha sita ni hapa, kura iliangukia hapa, na aliyebadilisha orodha ni mimi. Nikamwomba Mama Fidel msamaha mbele ya watu. Shangazi akaanzisha wimbo, wengi wakamfuata. Alibaki Mzee Erastus, aliyesema miguu yake haiwezi kukimbizana na watakatifu, na wanawake wawili. Nilisoma jinsi Veronika alivyoupangusa uso wa Yesu, nikafika mwisho, na Mama Fidel aliitikia kila sala.

Tangu hapo Shangazi hasemi nami, na kitabu cha msomaji amempa Philister. Leo asubuhi nilikwenda kuungama. Kisha nikapita kwa Mama Fidel kumsaidia kuondoa meza. Akaniambia niiache mlangoni, Ijumaa bado zipo.

Nisalimie Bibi na wadogo zangu, na uwaambie nawakumbuka katika sala.

Mwanao akupendaye,
Nyamvula