Binti wa Ndani ya Ngoma

Buzebazeba,
Kigoma.
22 Septemba 2024

Mpendwa Dada Domitila,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Bariki hajambo? Watoto je, na lile goti lako lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi? Sisi huku tunamshukuru Mungu, hakuna aliyelala kitandani. Veneranda mke wangu ni mzima ila amekonda, na mimi nina uchovu usioisha hata nikilala.

Usishtuke kuona barua. Kwenye simu siku hizi hatuwezi tena kuzungumza habari za Mama. Nikianza tu, wewe unalia, mimi napandisha sauti, kisha mmoja wetu anasingizia mtandao. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Mama anakula vizuri, hasa akipata samaki wa mgebuka aliyepikwa kwa mawese. Miguu yake ina nguvu, na hapo ndipo tulipokuwa tukipata shida, kwa sababu alikuwa anatoka. Kijana mmoja wa bodaboda alimrudisha kutoka Gungu baada ya kumkuta anauliza njia ya kwenda kwa wazazi wake. Mchana niko shuleni nafundisha na Veneranda ndiye anayemwangalia; nikirudi napokea zamu. Kumwogesha, kumlisha, kumjibu swali lile lile. Ananiita Gasper. Mjomba Gasper tulimzika tukiwa bado watoto, unakumbuka. Zamani nilikuwa namsahihisha, sasa naitika tu. Nimechoka, dada. Nakuambia wewe kwa sababu hapa kila ninayemwambia ananijibu nivumilie.

Sasa habari ya matarumbeta. Ile klipu ya jubilei ya parokia uliiona kwenye kundi la ukoo, ukaweka alama za makofi. Asante. Ngoja nikueleze ulichokuwa unakipigia makofi, maana kwenye klipu hakieleweki.

Wazee wa parokia walitaka bendi yetu ipige kitu kipya siku hiyo, matarumbeta matupu bila waimbaji, na wakaniomba mimi nitunge. Nilihangaika sana. Kila nilichoandika kilitoka kama wimbo wa kuingizia wanafunzi darasani. Kisha asubuhi moja nikiwa namlisha Mama uji, akaanza kusimulia bila kuulizwa ile hadithi ya binti aliyetiwa ngomani. Aliisimulia yote, bila kuchanganya. Binti kasahau shanga zake juu ya jiwe pale Katonga (kwa Mama mazimwi yote yaliishi Katonga), akarudi peke yake kuzifuata, zimwi likamkamata na kumshindilia ndani ya ngoma yake. Likawa linazunguka vijijini, linapiga ngoma, binti anaimba humo ndani, watu wanalipa zimwi chakula wakidhani ni ngoma inayoimba. Mpaka likafika kijijini kwao, na mama yake akaijua sauti.

Alipofika kwenye wimbo akanyamaza. Unajua Mama hajawahi kuimba. Tulipokuwa watoto yeye alikuwa anasimulia, mimi nimejifunika kanga yake kwa woga, na wimbo wa binti ulikuwa wako. Akawa ananitazama, anangoja, na uji unapoa.

Nikaona nimepata cha kuandika. Zimwi nikaligawia tuba, lile tarumbeta lenye sauti nene kuliko yote, wanakijiji nikawapa tromboni, na wimbo wako nikampa Agnesi, yule binti wa kwaya anayepiga tarumbeta dogo, nikamketisha nyuma ya ngoma kubwa asionekane. Niliuandika kama ulivyokuwa unauimba wewe, pamoja na pale ulipokuwa unakosea kila siku, unapanda juu kabla wakati haujafika. Agnesi akaniambia, mwalimu, nota hii haikai hapa. Nikamwambia aipige hivyo hivyo.

Wazee nao walipata la kusema, wakauliza zimwi linafuata nini kanisani. Padre akaamua tupige nje uwanjani baada ya Misa, zimwi lisije likaingia ndani. Yakaisha.

Siku yenyewe ikafika. Wewe unawajua watu wa huku, wakisikia matarumbeta wanajua ni harusi. Tuba ilipoingia, yaani pale mtoto anapokamatwa, wanawake wakapiga vigelegele wakainuka kucheza, na mmoja akaenda kumvika mpiga tuba kanga shingoni. Nilivunjika moyo kabisa. Kazi yote ile, na wanalishangilia zimwi! Niliendelea kuongoza kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea. Klipu inaishia hapo, kwa kuwa aliyekuwa anarekodi ni Veneranda, na aliitupa simu kwenye kiti ili amuwahi Mama.

Agnesi alikuwa ameanza kuupiga wimbo wako. Mama tulimketisha mbele, na muda wote alikuwa anakunja na kukunjua leso yake. Ilipopigwa ile nota yako ya makosa akasimama. Aliwapita wapigaji bila kumgusa mtu, akaenda moja kwa moja kwenye ngoma kubwa, akaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi. Akasema kwa Kiha, kwa sauti aliyokuwa akituitia chakula:

“Fungueni. Domitila wangu yumo humu.”

Matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine. Nilimshika mkono nikamwambia ni muziki tu, Mama, twende tukakae. Akaniambia, Gasper, usisimame hivyo, lete kisu. Wapo waliocheka na siwalaumu. Padre alikuja na maneno mazuri, hayakumwingia. Mwisho Feliksi, mpiga ngoma wetu, alileta spana, akalegeza skrubu zote mbele ya umati, akaiondoa ngozi. Mama akainama, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa pande zote.

Nilijua atalia, nikajiandaa kumbeba. Akainuka anatabasamu, akajifuta vumbi.

“Ameshatoka,” akasema. “Yuko njiani.”

Akataka arudishwe nyumbani upesi akupikie.

Tangu siku ile hatoki tena kwenda kokote. Amehamishia kiti chake mlangoni. Kila mchana anakutengea chakula chako, anakifunika kwa kawa, na ole wake atakayekigusa. Veneranda anasema tumepata nafuu, sasa hatumkimbizi tena barabarani. Mimi naona uchungu umenizidia. Kumwona anavyogeuza kichwa kila pikipiki ikisimama nje, dada, inauma. Na wivu nimeuona, sikufichi. Mimi ninayemkata kucha ananiita kwa jina la marehemu, wewe uliye mwisho wa nchi amekutambua kwa tarumbeta la mtu mwingine.

Padre anakusalimu, na mama yake Feliksi, na majirani wote wanaokumbuka ubishi wako. Nisalimie shemeji Bariki, umwambie dagaa wake nimeshawaweka tayari. Wape watoto salamu za mjomba wao anayezeeka haraka.

Mara ya mwisho uliniambia huwezi kufunga safari yote hiyo kuja kutazamwa na mama yako kama mgeni. Siwezi kukuahidi kwamba atakujua kwa sura. Huenda ukafika mlangoni akakuuliza wewe ni binti wa nani. Akikuuliza hivyo, usijitambulishe. Imba.

Mungu akufungulie njia, na akupe nauli ya moyo.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Gaudensi